Uzi maalumu: Kuieleza siku yako kwa Kiitaliano ukianzia kwenye Kiswahili, bila kupitia Kiingereza

Mleta uzi

Wakuu, nawasalimu nyote. Uzi huu ni kwa ajili ya watu wanaojifunza Kiitaliano huku lugha yao ya kila siku ikiwa Kiswahili: wafanyakazi wa hoteli za Malindi, Watamu, Kiwengwa na Nungwi, ndugu zetu wanaoishi Italia na kujiandaa kwa mtihani wa lugha, na masista na mapadri wanaotumwa kusoma Roma. Nitazungumzia jambo moja tu, nalo ni namna ya kumweleza mtu siku yako inavyokwenda: unaamka saa ngapi, unakula nini na wapi, kazini unaingia lini, jioni unafanya nini, na mambo gani umeyazoea.

Wapo wanaoliona somo hili kuwa la watoto kwa sababu hufundishwa mapema. Mimi naona kwamba mtu akilijenga vibaya, Kiitaliano chake chote hupinda, kwa kuwa ndani yake mna vitenzi vya kila saa, viwakilishi, saa, siku na vihusishi kwa pamoja. Tena ndiyo mazungumzo ya kwanza ya kweli kati ya watu wasiojuana. Pwani ya Kenya imewazoea Waitaliano tangu miaka ya 1960, walipojenga kituo chao cha anga Ngomeni, karibu na Malindi, ambako satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa mwaka 1967 kutoka kwenye jukwaa lililosimama baharini. Baadaye wakaja watalii, wenye nyumba na wenye hoteli. Mgeni wa aina hiyo akishalijua jina lako, hutaka kujua unaishije.

Rai yangu ni kwamba vitabu vingi tunavyovipata huku vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi hutoka kwenye Kiswahili, akapita kwenye Kiingereza, ndipo akafika kwenye Kiitaliano. Nafundisha lugha hii Watamu, na kadiri ninavyosahihisha madaftari ndivyo ninavyozidi kusadiki kwamba makosa mengi huzaliwa katika kituo hicho cha katikati. Kiswahili na Kiitaliano hukutana mahali pengi ambapo Kiingereza hakipo kabisa, na anayekwenda moja kwa moja hufika upesi zaidi.

Nianze na yaliyo mepesi. Kiingereza hulazimisha mtendaji atajwe kabla ya kitenzi, kwa hiyo aliyepitia huko huandika “Io mi alzo, io mangio, io vado al lavoro”, akirudia “io” kila mara. Mswahili hasemi “mimi ninaamka, mimi ninakula, mimi ninakwenda kazini” isipokuwa anapotaka kujitofautisha na mwingine, kwa sababu ni- imekwisha kumtaja. Kiitaliano ni vivyo hivyo, ila alama ya mtendaji hukaa mwishoni mwa kitenzi: “mangio” ni mimi, “mangi” ni wewe, “mangia” ni yeye, “mangiamo” ni sisi. Iache “io” kwa ajili ya sentensi kama “Io lavoro di notte, lui lavora di giorno”, mimi nafanya kazi usiku, yeye anafanya mchana.

Pili ni neno “mai”, yaani kamwe. Nimeona mara nyingi “Bevo mai il caffè”, ambalo ni Kiingereza kilichovaa nguo za Kiitaliano. Kiitaliano kinataka kitenzi kikanushwe kwanza, kisha “mai” ifuate: “Non bevo mai il caffè la sera”. Tazama Kiswahili: “Sinywi kahawa kamwe usiku”. Mpangilio ni uleule.

Tatu, “kabla ya kutoka” ni “prima di uscire”, “kabla ya kulala” ni “prima di dormire”: kihusishi, kisha kitenzi-jina, kama tunavyofanya sisi. Kwa “baada ya”, Kiitaliano huongeza kitenzi kisaidizi, “dopo aver mangiato”, lakini anayeanza anaweza kutumia nomino na akaeleweka vizuri: “dopo pranzo”, “dopo il lavoro”.

Nne, viungo vya mwili. “Nanawa mikono” ni “mi lavo le mani”. Hakuna Mswahili anayesema “nanawa mikono yangu”, na Mwitaliano naye hasemi “lavo le mie mani”. Ajabu ni kwamba wanafunzi wangu wasiojua Kiingereza hawalikosei hili, na wanaokijua hulikosea mara kwa mara.

Kuhusu mazoea yenyewe, Kiswahili kina hu-: “huamka saa kumi na moja”. Kiitaliano hakina kiambishi cha namna hiyo. Wakati uliopo wa kawaida hubeba mazoea na jambo la sasa kwa pamoja, na maneno ya pembeni ndiyo yanayofafanua: “di solito”, kwa kawaida, “sempre”, daima, “spesso”, mara nyingi, “qualche volta”, wakati mwingine, “ogni tanto”, mara mojamoja, “raramente”, mara chache. Mengi kati ya hayo hukaa vizuri baada ya kitenzi, kama katika “Faccio sempre colazione a casa”, nacho kifungu “di solito” hupenda kuanza sentensi. Umbo la “sto mangiando” lihifadhi kwa jambo linaloendelea sasa hivi tu. Usiseme “sto mangiando alle otto ogni giorno”.

Yanapotajwa mazoea ya watu wote bila kumtaja mtu, Kiitaliano hutumia “si”: “In Italia si cena verso le otto”, yaani Italia chakula cha usiku huliwa mnamo saa mbili. Na siku za juma zina siri moja. Ukisema “il lunedì lavoro”, yenye artikali, yaani kile kineno “il”, umesema kila Jumatatu. Ukisema “lunedì lavoro”, bila artikali, umesema Jumatatu hii inayokuja. Herufi mbili hizo zinaweza kumfanya mgeni akusubiri siku ambayo hukukusudia.

Mleta uzi (anaendelea)

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi huu, yaani vile vitenzi vyenye mi, ti, si.

Vitabu hueleza kwamba katika vitenzi hivyo tendo humrudia mtendaji. Mswahili akisikia hivyo hukimbilia -ji-, kisha hukwama, kwa sababu “mi sveglio” si “najiamsha”, na “mi vesto” si “najivisha”. Hakuna anayesema hivyo. Iacheni -ji- kando kwa muda, muitazame kauli ya kutendesha.

Kuamka ni “svegliarsi”, kuamsha ni “svegliare”. Kuvaa ni “vestirsi”, kuvisha ni “vestire”. Kusimama njiani ni “fermarsi”, kusimamisha ni “fermare”. Kuchoka ni “stancarsi”, kuchosha ni “stancare”. Kuburudika ni “divertirsi”, kuburudisha ni “divertire”. Kuzoea ni “abituarsi”, kuzoesha ni “abituare”. Kuinuka na kuinua, ingawa havitumii -sha, vinafuata njia hiyo: “alzarsi” na “alzare”. Mama akisema “mi sveglio alle cinque e sveglio i bambini alle sei”, anasema kwamba yeye huamka saa kumi na moja, na huwaamsha watoto saa kumi na mbili.

Kiswahili mara nyingi huanza na mtu mwenyewe, kisha huongeza kiambishi ili tendo limfikie mwingine. Kiitaliano huanza na mwingine, kisha huongeza kiwakilishi ili tendo libaki kwa mwenyewe. Mzigo ni mmoja, ila lugha hizi mbili zimeuweka pande tofauti. Kwa hiyo ukitaka kujua kama kitenzi cha asubuhi kinahitaji “mi”, jiulize: je, kwa Kiswahili naweza kukigeuza kiwe cha kumfanyia mwingine kwa -sha au -za? Kama naweza, na kama ninazungumzia tendo langu mwenyewe, huenda Kiitaliano kikataka “mi”.

Nasema huenda kwa sababu lugha haifungwi kwa kamba moja. Vitenzi vya kwenda na kurudi, pamoja na vile vya kula na kufanya kazi, havitaki “mi” katika masimulizi ya kawaida: “esco”, “torno”, “pranzo”, “ceno”, “lavoro”, “dormo”. Baada ya kujifunza “mi alzo” watu huanza kusema “mi esco” na “mi torno”, na hilo linahitaji kukemewa mapema. Kwa upande mwingine, vipo vitenzi ambavyo -ji- yetu inavifaa kabisa: “mi preparo” ni najiandaa, “mi guardo allo specchio” ni najitazama kwenye kioo.

Tofauti nyingine ni kwamba -ji- haibadiliki, ilhali kiwakilishi cha Kiitaliano hufuata nafsi: mi alzo, ti alzi, si alza, ci alziamo, vi alzate, si alzano. Mahali pake pasikutishe. Kiwakilishi hutangulia kitenzi, kama viambishi vyetu vya yambwa vinavyotangulia mzizi: “ananiona” ni “mi vede”, na “ananikata nywele” ni “mi taglia i capelli”. Penye “devo”, “posso” au “voglio” una hiari: “mi devo alzare” au “devo alzarmi”, zote ni sahihi. Na viwakilishi hivyohivyo katika wingi hufanya kazi ya kauli yetu ya kutendana: “ci vediamo” ni tutaonana, “si salutano” ni wanasalimiana.

Mahali ambapo Kiswahili chenyewe kinatuchanganya ni kwenye kulala. Sisi husema “nalala saa nne” tukimaanisha kupanda kitandani, “amelala” tukimaanisha usingizi umemchukua, na “nililala saa sita” tukimaanisha muda wa usingizi. Kiitaliano kimeyagawa: “vado a letto alle dieci”, napanda kitandani saa nne, “mi addormento alle undici”, napata usingizi saa tano, “dormo sei ore”, nalala kwa saa sita. Vivyo hivyo “mi sveglio” ni kufumbua macho, na “mi alzo” ni kutoka kitandani. Mwitaliano anaweza kusema kwamba huamka saa kumi na mbili na huinuka saa moja.

Kitenzi “fare” nacho kina kazi nyingi, kama “piga” yetu: fare colazione (kupata kifungua kinywa), fare la doccia (kuoga), fare la spesa (kununua mahitaji ya chakula), fare il bucato (kufua), fare i compiti (kufanya kazi za shule), fare una passeggiata (kutembeatembea), fare tardi (kuchelewa). Jifunzeni vifungu hivyo vikiwa vizima, pamoja na faccio, fai, fa, facciamo, fate, fanno.

Mchangiaji kutoka Nungwi

Mwalimu, ahsante kwa darsa hili. Mimi huwapeleka wageni baharini kwa mashua, na taabu yangu kubwa ni saa. Mgeni akiniambia “alle otto e mezza”, najua fika kwamba “otto” ni nane, basi akili yangu hukimbilia saa nane na nusu mchana. Kuna njia ya kuondokana na hesabu hii ya kutoa sita kila mara?

Mleta uzi

Kaka, ipo. Usikariri “otto” kuwa nane unapozungumzia saa. Kwa saa, ifungamanishe moja kwa moja na hali ya jua, ambalo huku kwetu karibu na ikweta halibadiliki sana mwaka mzima. “Alle sei di mattina” ni kunapopambazuka. “Alle otto” ni jua limepanda, watoto wako darasani. “A mezzogiorno” ni jua la utosi. “Alle sei di sera” ni magharibi. Baada ya hapo nusu husemwa “e mezza”, robo ni “e un quarto”, kasorobo ni “meno un quarto”. Saa saba, ya mchana au ya usiku, husemwa “all'una”, kwa umoja. Kuanzia saa fulani hadi saa fulani ni “dalle otto alle cinque”. Ukiulizwa “Che ore sono?”, unaulizwa saa ya sasa, ukiulizwa “A che ora?”, unaulizwa saa ya tendo, na jibu lako huanza na “alle”, isipokuwa “all'una” na “a mezzogiorno”.

Katika ratiba zilizoandikwa Waitaliano hutumia saa 24, kwa hiyo utakuta “alle venti” kwa saa mbili usiku. Kwa usalama wa safari zako, kila unapotaja saa ongeza alama ya pili: “Partiamo alle otto e mezza, dopo colazione”, tunaondoka saa mbili na nusu, baada ya kifungua kinywa. Kifungua kinywa hakiliwi mchana, kwa hiyo kosa halina pa kupita.

Na kuna jambo ambalo huwafurahisha sana wanafunzi wangu. Kwa karne nyingi Waitaliano wenyewe walihesabu saa kuanzia machweo, kama sisi tunavyoanza saa moja ya usiku baada ya magharibi. Siku iliisha jua lilipozama, na saa iliyofuata iliitwa “un'ora di notte”, saa moja ya usiku. Ndani ya kanisa kuu la Firenze ipo saa kubwa ya ukutani iliyochorwa na Paolo Uccello mwaka 1443, yenye saa 24 na mshale unaozunguka kinyume na saa zetu za leo, na bado inafuata hesabu hiyo. Utaratibu huo uliondolewa hatua kwa hatua katika karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, hasa wakati wa Napoleon, ukaingia ule wa kuanza saa sita usiku. Kwa hiyo mgeni akishangaa kwamba saa yako imepishana na yake, mweleze kwamba babu zake walikuwa jirani zako katika jambo hili.

Mchangiaji kutoka Arusha

Mkuu, nakubaliana na mengi, lakini naona unakionea Kiingereza. Maneno kama “visitare”, “preparare” na “studiare” niliyatambua kwa sababu ya Kiingereza, si Kiswahili. Pia mfanyakazi wa hoteli anaweza kukariri sentensi ishirini za siku yake na akaendelea na maisha bila sarufi yote hii.

Mleta uzi

Mkuu, kuhusu msamiati umesema kweli, na sina sababu ya kupinga. Kiingereza kimechukua maneno mengi ya Kilatini na anayekijua ana mtaji. Ninachokataa ni kukichukua kiwe mpangilio wa sentensi.

Kuhusu kukariri, hapo hatupatani. Sentensi iliyokaririwa hufa kwenye swali la kwanza la nyongeza. Umesema “Mi alzo alle cinque”, mgeni anauliza “Anche la domenica?”, hata Jumapili? Hapo unahitaji “No, la domenica mi alzo più tardi” au “Sì, anche la domenica”. Yeye akisema “Io non faccio mai colazione”, unahitaji kuchagua kati ya “neanch'io”, mimi pia sipati, na “io invece sì”, ilhali mimi hupata. Hayo ndiyo mazungumzo, na hayaji kwa kukariri.

Tena lazima uijue siku ya Mwitaliano, kwa sababu maneno hayo yameshikamana nayo. Kifungua kinywa chao ni kitamu na kidogo: nyumbani ni kahawa au maziwa, biskuti, au mkate mkavu wenye jemu; nje ni kapuchino na “cornetto”, ambacho Milano huitwa “brioche”. Wengi hukinywa na kukila wakiwa wamesimama “al banco”, yaani kaunta, kwa kuwa ukikaa mezani mara nyingi bei hupanda. “Bar” ya Italia si baa ya kwetu. Ni mahali pa kahawa, ambapo bibi, padri na mwanafunzi huingia asubuhi, na pombe ipo pembeni tu. Mwanafunzi mmoja aliyelelewa katika familia ya Kiislamu alikataa katakata kuitamka sentensi “vado al bar” hadi nilipomweleza hilo, na alikuwa na haki ya kuuliza.

Kapuchino ni kinywaji cha asubuhi. Baada ya chakula cha mchana au cha usiku huagizwa “un caffè”, na hiyo maana yake ni ile kahawa nzito ya kikombe kidogo. Nyumbani huitengeneza kwa “moka”, birika la aluminiamu ambalo Alfonso Bialetti alilitoa mwaka 1933. Chakula cha mchana, “pranzo”, huliwa mnamo saa saba, na cha usiku, “cena”, kati ya saa moja unusu na saa tatu, kaskazini mapema na kusini baadaye. Watoto hupata “merenda” alasiri. Kusini, saa za jua kali baada ya chakula huitwa “controra”, maduka mengi hufungwa, na kupiga simu nyumbani kwa mtu wakati huo huonekana kukosa adabu. Jioni, hasa katika miji midogo, watu huvaa vizuri na kutembea polepole barabarani ili kuonana tu; hiyo ndiyo “passeggiata”. Mtu wa Mji Mkongwe anayekwenda Forodhani jioni hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Na jambo la adabu, ambalo kwangu ni zito. Ufukweni kila mtu hupiga kelele za “ciao”. Kwa mgeni mtu mzima usiyemjua, sema “buongiorno” au “buonasera”, na umuulize kwa “Lei”: “A che ora si sveglia, signora?”, si “A che ora ti svegli?”. Umbo la “Lei” hutumia kitenzi cha nafsi ya tatu, kwa hiyo “ti” huwa “si”. Sisi tuliolelewa na shikamoo tunapaswa kuwa wa kwanza kulishika hili.

Mchangiaji kutoka Brescia

Mwalimu, shikamoo. Naishi Italia na najiandaa kwa mtihani wa A2, ngazi ya pili ya ujuzi wa lugha, ili niombe kibali cha ukaazi wa muda mrefu. Kuieleza siku ya leo nimezoea. Nikiulizwa nilifanya nini jana, au maisha yangu yalikuwaje Tanga, nachanganya: mara “mi ho alzato”, mara “mi alzavo”.

Mleta uzi

Marahaba, dada. Umefanya vyema kulitaja, kwa kuwa mtihani wa A2, uwe wa cheti cha CILS cha Siena au CELI cha Perugia, unapenda sana mada hii, na wale watakaoomba uraia, ambao tangu mwaka 2018 huhitaji B1, ngazi inayofuata, watakutana nayo kwa upana zaidi. Kama hujafika kwenye CPIA, yaani kituo cha serikali cha elimu ya watu wazima, katika eneo lako, nenda ukaulizie masomo yao.

Kitenzi chochote ambacho mi, ti, si yake humrejelea mtendaji mwenyewe huunda wakati uliopita wa tendo lililokwisha kwa “essere”, kamwe si kwa “avere”. Kwa hiyo ni “mi sono alzata”, na kwa kuwa wewe ni mwanamke mwisho wake ni -a. Mumeo atasema “mi sono alzato”. Mkiwa pamoja mtasema “ci siamo alzati”. “Fare colazione” hakina “mi”, nacho kinachukua “avere”. Tazama zikiwa pamoja: “Stamattina mi sono alzata alle sei, mi sono vestita, ho fatto colazione e ho portato i bambini a scuola”.

Kwa “mi alzavo”, Kiswahili kinakupa kipimo kizuri. Kama unaweza kusema “nilikuwa nikiamka”, tumia “mi alzavo”; kama ni “niliamka” ya siku moja iliyokwisha, tumia “mi sono alzata”. “A Tanga mi alzavo sempre alle cinque, facevo il tè e andavo al mercato con mia madre”: nilikuwa nikiamka, nikitengeneza chai, nikienda sokoni na mama. Kila palipo na -ki- ya kurudiarudia katika masimulizi yako, Kiitaliano huweka -avo, -evo au -ivo, na umbo hilo lina vitenzi vichache tu visivyo vya kawaida, kama “ero”, “facevo”, “bevevo” na “dicevo”. Kiingereza mara nyingi hutumia umbo moja kwa yote mawili, ndiyo maana anayepitia huko hubaki akibahatisha.

Mchangiaji kutoka Lamu

Ustadh, vitabu vyote vina mtu anayeamka, anaoga, anakwenda ofisini kwa treni. Siku yangu haimo humo. Mimi natawadha, naswali, nampa punda chakula, natoka na mashua, na jioni nakaa barazani. Nimejaribu hivi, nisahihishe: “Mi sveglio prima dell'alba. Sto andando in moschea ogni giorno. Dopo la preghiera io do il cibo al mio asino. Alle sette vado in barca. A mezzogiorno mi torno a casa. Venerdì non lavoro la mattina. Quando sono malato vado al dottore.”

Mleta uzi

Bwana, hilo ndilo zoezi bora kuliko yote katika uzi huu, kwa sababu mtu anapaswa kuieleza siku yake mwenyewe na si siku ya karani wa Milano. Nakupa kwanza maneno yanayokosekana vitabuni. Kutawadha ni “fare le abluzioni”. Kuswali ni “pregare”. Swala ya alfajiri ni “la preghiera dell'alba”. Madrasa ni “la scuola coranica”. Kufunga ni “digiunare”, na kufuturu ni “rompere il digiuno”. Kukaa barazani hakuna neno moja, basi eleza: “la sera mi siedo fuori con gli amici a chiacchierare”.

“Sto andando” ya kila siku iwe “vado”. “Io” iondoke. “Do il cibo al mio asino” inaeleweka, ila wao husema “do da mangiare all'asino”. “Mi torno” iwe “torno”. “Venerdì” iwe “il venerdì”, kwa kuwa unasema kila Ijumaa. Kwenda baharini na chombo ni “esco in barca”.

Kuhusu “vado al dottore”, hapo Kiingereza kimekuponyoka ulimini. Sisi husema “naenda sokoni” kwa mahali, lakini “naenda kwa daktari” kwa mtu. Kiitaliano kina “da” kwa mtu: “vado dal dottore”, “vado da mio fratello”. Kwa mahali, kwa bahati mbaya, -ni yetu moja hugawanyika: “al mercato”, “al lavoro”, “a scuola”, “a casa”, “in moschea”, “in spiaggia”, “in ufficio”. Hapo hakuna njia ya mkato, jifunze kila mahali pamoja na kihusishi chake.

Siku yako sasa inasomeka hivi: “Mi sveglio prima dell'alba, faccio le abluzioni e vado in moschea. Dopo la preghiera do da mangiare all'asino e bevo il tè. Alle sette esco in barca e a mezzogiorno torno a casa. Il venerdì non lavoro mai la mattina. La sera mi siedo fuori con gli amici a chiacchierare e di solito vado a letto alle dieci.” Isome kwa sauti, kisha uiandike upya kwa mwezi wa Ramadhani, uiweke hapahapa tuitazame pamoja.